Msimamizi asiyetaka kusikia habari mbaya ni hatari kazini: tujadili afya na usalama wa wafanyakazi Mtwara na Lindi

Karani wa Ghala (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa korosho unapokaribia, mazungumzo kuhusu usalama wa watu wanaofanya kazi maghalani, viwandani na bandarini huku Kusini huishia kwenye vifaa: kofia ngumu zipo au hazipo, buti zimeletwa au zimekwama kwa mzabuni, barakoa zinatosha au hazitoshi. Sibezi vifaa, kwa sababu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri avitoe, na hapo hakuna mjadala. Hoja yangu ni kwamba nimefanya kazi mahali palipokuwa na vifaa vyote na watu wakaumia vilevile, na nimefanya kazi mahali penye vifaa vya kuungaunga ambapo watu walimaliza msimu wakiwa wazima. Tofauti ilikuwa mtu mmoja, yule anayesimama na vibarua tangu asubuhi hadi lori la mwisho linapofungwa turubai. Meneja anayekaa ofisini ana uzito wake, lakini kwa kibarua uongozi ni mnyapara.

Tuangalie upangaji wa magunia, kazi inayoonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi, na ghala likianza kujaa magunia hupangwa hadi kukaribia kenchi. Rundo lililopangwa vizuri hufungamanishwa, tabaka moja kwa urefu na linalofuata kwa upana, na kadiri linavyopanda huingizwa ndani kidogo ili lijishikilie kwa uzito wake. Likipangwa kwa haraka, gunia huwekwa juu ya gunia kwa mstari mnyoofu, na kwa kuwa korosho huteleza ndani ya gunia, rundo huanza kutoa tumbo upande mmoja. Makuli huliona tumbo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani wao ndio wanaolipanda wakiwa na mzigo begani.

Sasa kuli anasema, "Bosi, rundo hili limeinama." Katika ghala moja nililowahi kufanya kazi, ambalo sitalitaja, jibu la msimamizi lilikuwa, "Kama unaogopa, wapo wengi pale getini wanaoitaka nafasi yako." Kuli akapanda. Siku hiyo rundo halikuanguka. Lilianguka baadaye, likamvunja mguu mtu ambaye hata hakuwapo siku ya onyo lile. Tulipoulizana, karibu kila mmoja alisema alikuwa ameliona lile tumbo, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo, maana jibu la msimamizi walikuwa wanalijua tayari.

Ghala la pili lilikuwa na msimamizi mtu mzima kutoka Newala, ambaye wote tulimwita Mkulungwa kwa heshima. Hakuwa mpole, alikuwa mkali kuliko yule wa kwanza, na anayedhani uongozi mzuri ni kuchekacheka na vibarua angemshangaa. Lakini akiambiwa rundo limeinama alikwenda mwenyewe, akalitazama kutoka pembeni, akaligonga kwa kiganja, na likiwa na tumbo aliamuru lishushwe na kupangwa upya. Jambo la maana zaidi, ambalo wengi hawalioni, ni kwamba kazi ya kushusha aliiandika kwenye daftari la malipo. Makuli hulipwa kwa gunia lililopakiwa au kupangwa. Gunia linaloshushwa ili kuondoa hatari kwa kawaida halina malipo, kwa hiyo anayetoa taarifa anajikata riziki yake na ya wenzake. Mkulungwa aliiondoa adhabu hiyo, na baada ya hapo hakuhitaji kumhimiza mtu aseme. Walisema mpaka wakamchosha.

Haya si ya Mtwara peke yake. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu zenye viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache zaidi ya utoaji wa dawa. Takwimu zilikuja kinyume: timu zilizosifiwa kwa uongozi ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi ilionekana kwamba katika timu hizo watu waliyasema makosa yao na kuyarekebisha, na kwingineko waliyaficha kwa kuogopa wakubwa wao. Ndiyo maana nikiona ubao getini umeandikwa kwamba hakuna ajali hata moja tangu mwaka uanze, swali langu la kwanza ni nini humpata pale anayeripoti ajali.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Bangladesh. Nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza tarehe 23 Aprili 2013, na benki na maduka yaliyokuwamo yakafungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo walioogopa kuingia walishinikizwa na wakubwa wao kurudi kazini kesho yake. Jengo likaanguka, wakafa zaidi ya watu 1,100. Taarifa ya hatari ilikuwapo, tena ya kuonekana kwa macho, na benki iliyokuwa ndani ya jengo lilelile iliisikiliza.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliofanya kazi kwenye ubanguaji, mashamba ya chumvi, machimbo na bandarini.

Mama Mbanguaji

Kaka Karani, asante kwa kulileta jambo hili. Mimi nipo Lindi, nimebangua korosho kwa miaka mingi, na nataka kuongeza upande wa kina mama, kwa sababu kwenye viwanda vyetu sisi ndio wengi.

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Vidole huwa vyeusi, ngozi hubabuka kati ya vidole, na ukijisahau ukajifuta jasho, jicho halitakuacha ulale. Kiwanda kilitununulia glavu nene, na wageni wakija walituona tumezivaa. Lakini malipo yetu yalikuwa kwa kilo, na korosho nzima ina bei ambayo iliyovunjika haina. Ukivaa glavu nene huihisi korosho vizuri inapokaa kwenye kisu cha mashine, kasi inapungua na zinazovunjika zinaongezeka, kwa hiyo jioni unarudi nyumbani na vidole vizima na mfuko mtupu. Tukawa tunavua glavu na kupaka mafuta au majivu kama walivyofanya waliotutangulia. Meneja aliyekuwapo akabandika tangazo kwamba atakayekutwa bila glavu atakatwa mshahara. Tulivaa alipopita na kuvua alipogeuka, na kwenye taarifa zake bila shaka aliandika kwamba wafanyakazi ni wakaidi.

Aliyekuja baada yake alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu wa ofisini. Alivuta kiti, akavaa glavu zilezile, akakaa kwenye mashine akaanza kubangua. Korosho zake zilivunjika karibu zote, tukacheka, naye akacheka, kisha akauliza ni glavu ya namna gani inayomruhusu mtu kuhisi. Wiki zilizofuata zilikuja glavu nyembamba zinazobadilishwa mara kwa mara, na kiwango cha kilo cha siku kikashushwa kidogo hadi mikono ilipozizoea. Hakubandika tangazo lolote, na tangazo la zamani lilibaki ukutani mpaka likaanguka lenyewe.

Jambo jingine ni choo. Mahali ambapo unaomba ruhusa kwa msimamizi wa kiume mbele ya watu ili uende chooni, mwanamke anaacha kunywa maji kutwa nzima, na joto letu la Novemba mnalijua. Hilo hamtalikuta kwenye daftari la ajali, lakini zahanati wanalijua.

Mkandarasi wa Kilwa

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na naona unawaonea wasimamizi. Mimi hupeleka vibarua kwenye kazi za upakiaji na ujenzi, na nimewahi kuwa mnyapara kabla ya kuwa mkandarasi. Mnyapara ana mtu juu yake anayempigia simu kila nusu saa kuuliza tani ngapi zimetoka. Lori likilala getini mwenye lori anadai fedha ya kulala, meli haimsubiri mtu, na msimu ni mfupi. Unataka asimamishe kazi kila kuli anapoona rundo limeinama? Wapo wanaosema limeinama kwa sababu wamechoka au wanataka kuvuta sigara.

Pili, nimenunua buti na barakoa kwa fedha yangu, nikazikuta zinauzwa mtaani wiki hiyohiyo. Uongozi gani utamponya mtu wa namna hiyo?

Karani wa Ghala

Mkuu, hoja yako ya kwanza naikubali kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu nilitaja kwamba meneja ana uzito wake. Tangu serikali ilipoelekeza korosho za Kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara, kazi imeongezeka mjini, jambo jema kwa vijana wetu, lakini msongamano wa malori nao umeongezeka, na haraka ya mwenye mzigo huteremka ngazi kwa ngazi hadi kwenye mgongo wa mbebaji. Mnyapara anayeulizwa tani peke yake atajibu kwa tani. Akiulizwa pia ni marundo mangapi yamepangwa upya na ni nani aliyeumia hata kidole, atayatafuta majibu hayo kabla simu haijalia.

Yupo kiongozi aliyelifanya hilo katika kampuni kubwa kuliko zote tunazozijua huku. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa kampuni ya alumini ya Alcoa nchini Marekani mwaka 1987, aliwaambia wawekezaji kwamba kipaumbele chake ni usalama wa wafanyakazi, wengine wakadhani amechanganyikiwa. Aliagiza kwamba mtu akiumia popote, mkuu wa kitengo amfikishie taarifa ndani ya saa 24 pamoja na mpango wa kuzuia lisijirudie. Ili mkuu wa kitengo aweze kutimiza hilo, ilibidi awe na njia ya kupata habari kutoka kwa msimamizi wa zamu, na msimamizi kutoka kwa mtu wa mashine. Kiwango cha majeraha yanayomfanya mtu akose kazi kilishuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi takribani 0.2, na kampuni haikufilisika, ilipata faida.

Kuhusu kuli anayedanganya ili apumzike, mimi ningeuliza kwa nini alazimike kudanganya. Mtu aliyebeba magunia ya kilo 80 tangu alfajiri na hana muda wa kupumzika unaojulikana atautafuta kwa njia yoyote, na mapumziko yaliyopangwa ni ya bei nafuu kuliko mapumziko ya kuibiwa. Ukikagua rundo lenyewe utajua ndani ya dakika mbili kama anasema kweli. Mkulungwa hakuwa akiamini kila neno, alikwenda kutazama.

La buti kuuzwa ni la kweli, lipo, na sina jibu la mkato. Nimeona tu kwamba huwa linatokea zaidi pale ambapo kibarua hajui kama kesho atakuwa na kazi. Buti za mtu anayeajiriwa kwa siku ni mtaji kuliko kinga.

Tabibu wa Nachingwea

Naomba nichangie kwa upande wa afya, kwa kuwa mjadala umeelemea kwenye ajali. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na wengi mno kati yao, takribani milioni 2.6, huuawa na magonjwa, wakati ajali zinachukua 330,000 hivi. Ajali ina kelele na damu, kila mtu anaiona. Ugonjwa unakuja miaka kumi baadaye, mgonjwa akiwa ameshahama kazi, na hakuna anayeuunganisha na msimamizi aliyemwambia vumbi halijawahi kumuua mtu.

Huku kwetu, kwenye machimbo ya Ruangwa na Nachingwea, mwamba unapotobolewa na kusagwa bila maji hutoa vumbi lenye silika, ambalo likikaa kwenye mapafu huyafanya magumu na madhara hayo hayaponyeki, tena humweka mtu katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Kunyunyizia mwamba maji hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, na maji si teknolojia ya kigeni. Lakini kuleta maji machimboni kunachelewesha kazi, kwa hiyo uamuzi unarudi kwa kiongozi. Hali ni hiyohiyo kwenye mikorosho, mwenye shamba anapowapa vijana mashine ya kupulizia salfa bila miwani wala kitambaa cha maana usoni, kisha anawashangaa wanapokohoa na macho kuwavimba.

Upo pia ugonjwa unaosababishwa na kiongozi mwenyewe. Nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia wanaume 3,122 waliokuwa wakifanya kazi eneo la Stockholm, wakawauliza namna wakubwa wao wanavyoongoza: je, wanatoa taarifa za kutosha, wanaeleza malengo wazi, wanampa mtu uwezo wa kutimiza kazi aliyopewa? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliowapa wakubwa wao alama za juu walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo zaidi, na uhusiano huo uliongezeka nguvu kadiri mtu alivyokaa muda mrefu mahali palepale. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba bosi ndiye chanzo. Hata hivyo mimi hupima shinikizo la damu la watu wanaokuja na barua za waajiri, na nikimuuliza mgonjwa ni nini kinachomnyima usingizi, jina la msimamizi hutajwa mapema kuliko uzito wa mzigo.

Kijana wa Mikindani

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni kibarua wa siku, sina mkataba. Mnasema tuseme tunapoona hatari. Nikisema leo, kesho jina langu haliitwi getini. Nifanye nini?

Karani wa Ghala

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitakudanganya kwamba sheria inalimaliza. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi Namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari ya wazi inayotishia uhai au afya yake, akiwa na sababu za msingi, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye orodha ya haki za msingi za kazi. Lakini kibarua asiyeitwa getini hana barua ya kufukuzwa ya kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo usiseme peke yako. Sheria yetu inatambua wawakilishi wa wafanyakazi wa usalama na afya. Uliza ni nani pale kwenu, na kama hakuna, kutokuwapo kwake ni taarifa unayoweza kuifikisha OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wana wakaguzi na mamlaka ya kuingia mahali pa kazi. Ukiumia, hakikisha umeandikwa siku hiyohiyo, kituo cha afya kinaandika kwamba umeumia kazini, na wenzako wawili wanajua majina ya walioshuhudia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huwezi kudai kwa sababu hukuchangia. Tena weka kumbukumbu za siku ulizofanya kazi hata kwa ujumbe wa simu, kwa maana wengi hukwama mahali pa kuthibitisha kwamba walikuwa kazini.

Mkandarasi wa Kilwa

Nimewasikia. Hilo la kulipa muda wa kushusha rundo nimelifikiria, na sioni ubaya wake isipokuwa moja: nani atalilipa? Bei ninayopewa kwa tani haina nafasi ya kupanga jambo mara mbili.

Karani wa Ghala

Mkuu, liandike kwenye zabuni kama kipengele chake, upangaji upya kwa sababu za usalama, chenye bei yake kwa gunia, na kikubaliwe kabla msimu haujaanza. Rundo likipangwa vizuri mara ya kwanza fedha hiyo haitatumika, kwa hiyo mwenye mzigo anayejua kazi hataona shida kuisaini. Jingine halina gharama kabisa. Mtafiti wa Israel, Dov Zohar, alichapisha mwaka 2002 matokeo ya kazi aliyoifanya kiwandani: kila wiki wasimamizi walielezwa ni mara ngapi mazungumzo yao na wafanyakazi yaligusa usalama, basi, na majeraha madogo yakapungua na watu wengi zaidi wakavaa vizibo vya masikio. Wapigie simu wanyapara wako kama unavyopigiwa wewe, ila swali la kwanza lisiwe tani.

Wakikataa kipengele hicho, kilete hapa bila kutaja jina la mtu. Humu wamo viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na watu wanaokaa kwenye bodi za vyama vikuu vya ushirika, na ningependa waeleze hadharani kwa nini hakilipiki.